Filamu Niliyoihukumu Usingizini

Jumapili, 2 Novemba 2025, mjini Ibra, Omani
Nimeteuliwa! Ijumaa watoto wa jumuiya yetu ya Waswahili wa hapa wataonyeshwa filamu: vijana weusi wa Amerika wanaingia skuli ya wazungu kwa mara ya kwanza. Mie na shemeji yangu Balqis, mwalimu, tuamue kama inawafaa. Balqis anajiona mjuzi wa kila kitu. Safari hii nitamfunika.

Jumatatu, 3 Novemba
Nimeiangalia baada ya chakula. Wali na papa. Nikapitiwa na usingizi. Kuamka, imekwisha. Si hoja! Nimeandika kurasa tatu: mapenzi, matusi, utovu wa adabu. Haifai kabisa. Mke wangu Kaltham kauliza mapenzi nimeyaona wapi. Nikamwambia mtu mzima hunusa tu.

Jumatano, 5 Novemba
Kikao. Balqis kasema matusi ni mara mbili, na pana ugomvi wa kutisha. Wa miaka kumi na kuendelea waangalie pamoja na wazee, kisha wazungumze. Halafu kanigeukia kwa adabu: yule msichana mwishoni kafikwa na nini? Nikajibu kaolewa. Kumbe ana miaka kumi na mitatu, na mwisho anaingia timu ya mbio! Ami Hood, mwenyekiti wetu, kacheka mpaka machozi. Filamu imepita. Mie nimepewa kazi ya kupanga viti. Viti!

Ijumaa, 7 Novemba
Nikavipanga kwa heshima zetu. Sisi wa Unguja mbele, waliotoka Burundi nyuma. Filamu ikafika pahala yule msichana anakalishwa nyuma ya darasa, peke yake. Watoto wakageuka, wakavitazama viti. Binti yangu Shurooq kainuka, kabeba kiti chake mpaka kwa Ghadeer, mtoto wa Kirundi. Wenzake wakamfuata mbiombio. Vurugu tupu! Shurooq kapaza sauti: "Baba, viti hivi kavipanga nani?"
Masikio yakaniwaka moto. Lakini baadaye walivyokuwa wanabishana, wanacheka, wanalishana halwa! Nikatokwa na machozi. Nikasingizia kiyoyozi.

Jumamosi, 8 Novemba
Ami Hood kapiga simu. Kanisifu: kuwatenga watoto makusudi, ili wajionee wenyewe, ni akili kubwa. Nikasema naam, ndivyo nilivyokusudia. Anataka nikawafundishe wenzetu wa mji wa Nizwa. Nimekubali palepale. Balqis nitamweka safu ya mwisho.