Spika Kubwa, Mlango Mdogo

Jumatatu, 6 Machi 1972
Habari njema! Shamba la mzungu ambalo chama chetu kimenunua litagawanywa Jumamosi. Namba za vipande zitatiwa kwenye kofia, kila mwanachama aokote yake. Kipande cha mtoni ni kimoja tu. Lazima kiwe changu! Jemutai, mke wangu, hupanda kilima na maji kila siku, na roho huniuma nikimwona.

Mwenyekiti, Mzee Kinyanjui, ametangaza kwamba atakayempeleka shambani kwa gari ataokota wa kwanza. Wa kwanza, kofia ingali imejaa! Jemutai anasema karatasi hazijui foleni. Hajui siasa.

Tatizo ni Mburu, mwanachama mwenzangu. Ana Peugeot. Mimi nina Volkswagen ya milango miwili. Lakini Mzee hakosi matangazo ya vifo ya saa saba, na Peugeot ya Mburu haina redio. Yangu inayo, ingawa inakoroma tu.

Jumatano, 8 Machi
Nimepata spika mbili mnadani, kwa mzungu anayehama. Zilikuwa ndani ya redio kubwa kama kabati. Nimebandua ubao wa ndani wa milango kwa kijiko cha Jemutai. Vibanio viliruka kila upande. Kimoja kiliingia kwenye uji. Jemutai alikitema, akauliza kama mlango wa nyumba nao nitautia redio.
Si wazo baya.

Ijumaa, 10 Machi
Zimeingia! Kwa goti. Sumaku zake ni nene, kwa hivyo kioo kinashuka upana wa mkono tu, na kitasa kinakwaruza. Nani anataka upepo? Sauti ni ngurumo tupu! Mburu alipita akasema hiyo si gari, ni ngoma. Wivu. Mzee alisikiliza msiba mmoja mpaka mwisho, akafuta macho, akasema atapanda yangu.

Jumamosi, 11 Machi
Aibu! Mzee alipoingia aliubamiza mlango kama wa ghala. Tukafika shambani, milango yote miwili ikakataa. Sumaku zimebana vitasa. Chama chote nje, sisi ndani na kofia! Mburu akavuta kwa nguvu, akabaki ameshika mkono wa mlango.

Mvua ikatanda. Watu wakapiga kelele kwamba kazi iendelee. Basi Mzee akashikilia kofia chini ya ule mwanya wa dirisha, nao wakaingiza mikono mmoja mmoja. Mburu akiwa wa kwanza! Nilitaka kulia. Mzee, jasho likimtiririka, akasema mimi nitaokota wa mwisho, nipate adabu.

Mburu alipata kipande cha mawe. Nikaokota karatasi iliyobaki. Mtoni!

Walitutoa kwa kuchomoa kioo cha mbele, Mzee akitanguliza miguu. Aliapa kutembea siku zote za maisha yake. Jemutai alicheka na kulia pamoja, na mimi vilevile.

Jumatatu, 13 Machi
Jemutai ananiomba nitoe spika. Sielewi. Bila spika, tungepataje mto? Halafu anataka mlango unaofunguka. Sawa, mke hanyimwi yote.

Leo nimeanza kubandua kitambaa cha dari. Huko juu hakuna kitasa.