Sanduku la Wambea Wanne

Jumatatu, Mei 6

Huna haya, mjukuu wangu! Mtoto niliyemfuta makamasi kwa upindo wa gauni langu, leo unanikalisha kitini nijitazame ninavyoanguka!

Ni filamu ya harusi ya kaka yake. Mjukuu kazi yake ni kurekodi harusi za watu. Chumba cha mbele kimejaa nyaya mpaka sina pa kuweka stuli. Siku ile nilikuwa nacheza vizuri tu. Nacheza ili bibi wa bi harusi, huyo Bi Marashi anayejimwagia manukato kama anazima moto, aone kwamba kiuno bado kipo. Kisigino kikanasa kwenye kitambaa cha meza. Keki chini. Mimi juu ya keki. Miguu juu ya kila kitu.

Jumamosi familia zote mbili zinakuja kuitazama sebuleni. Bi Marashi atakaa mbele kabisa, namjua! Nimemwambia mjukuu aifute. Akacheka, akasema nisiwe na wasiwasi, filamu iko salama salimini ndani ya sanduku lake. Salama! Nani kamwomba usalama?

Sanduku nimeliona. Jeusi, chini ya meza. Droo nne ndogo, kila droo ina diski, kila diski ina taa ya kijani. Nikauliza kwa upole harusi ya kaka yake iko wapi humo. Akanyoosha kidole bila hata kugeuka. Kikaelekea droo ya pili. Inatosha.

Jumanne, Mei 7

Mjukuu kaenda sokoni. Nikavuta droo ya pili. Ikatoka kiulaini kama jino bovu. Nikaipeleka jikoni, nikaigonga kwa mchi. Mara ya kwanza kwa heshima. Mara ya pili kwa ajili ya Bi Marashi. Nikairudisha mahali pake, nikakaa kuchambua mchele kama malaika.

Taa nyekundu. Sanduku likaanza kulia, pii, pii, pii. Mjukuu karudi, kashika kichwa, eti bibi, diski imekufa! Nikampa pole. Moyoni vigelegele.

Kisha akawasha filamu. Ikacheza! Yote! Keki, miguu, gauni, kila kitu. Nilijikuta nimekaa sakafuni.

Fundi wa kompyuta kaja, bwana mwenye kitambi na subira. Nikamuuliza imekuwaje maiti anaongea. Akanieleza polepole kama mtu anayeongea na mgonjwa. Eti filamu haikai kwenye diski moja. Inakatwa vipande, diski zote zinagawiwa, na juu ya hapo zinatunza hesabu ya pamoja. Ikifa moja, tatu zilizobaki zinapiga hesabu zinajua marehemu alikuwa na nini. Nikamwambia hiyo si hesabu, huo ni umbea! Wanawake wa namna hiyo nimewaona bombani: mwenzao akihama, waliobaki wanakutajia mpaka rangi ya mapazia yake. Fundi akakohoa, akasema ni karibu na hivyo.

Zamani mtu alikufa na siri zake. Diski hazina adabu hiyo.

Halafu akasema ile diski ilizeeka tu. Nikamwambia kuzeeka si kufa, achunge mdomo wake.

Jumatano, Mei 8

Fundi kaleta diski mpya, kaichomeka. Sasa zile tatu zinaisimulia habari zote za marehemu, na hazitamaliza mpaka kesho. Taa inapepesa. Wanaongea!

Kabla hajaondoka akamwonya mjukuu asiguse kitu. Mgeni hajamaliza kufundishwa. Ikifa nyingine saa hizi, basi tena, filamu zote kwaheri. Alisema kwa kunong'ona. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na masikio yangu hayajambo.

Kumbe nilikosea dawa! Si kuua mmoja. Ni kuua wawili, kabla hawajamaliza kupashana habari!

Mjukuu kaingia kuoga. Nikavuta droo ya kwanza, nikaigonga kama mwenzake. Pii moja ndefu. Kisha kimya. Kimya kitamu! Nikapika chai, nikaongeza sukari.

Alhamisi, Mei 9

Mjukuu amelia mpaka macho yamevimba. Nikashtuka. Kazi za wateja! Mimi mkali, si mchawi. Lakini kumbe za wateja zina nakala dukani kwa fundi, maana anasema sanduku linavumilia msiba mmoja tu, na nakala hukaa nyumba nyingine. Ya kaka yake ndiyo haikunakiliwa. Ya nyumbani, eti, ingesubiri. Nikamshukuru Mungu kwa uvivu wa vijana.

Fundi akaigeuzageuza ile diski ya droo ya kwanza, akauliza mbona imebonyea. Nikamjibu: uzee.

Nikamuuliza mjukuu sasa analilia nini, keki? Akasema keki aliiondoa Jumanne ile ile, aliponiona nimekaa sakafuni. Alitaka kunishtukiza Jumamosi. Filamu ilibaki na hotuba yangu, pale nilipowausia maharusi mpaka Bi Marashi akabubujikwa na machozi, wanja ukamshuka hadi kidevuni.

Bi Marashi analia kwa maneno yangu! Ushahidi kamili! Umekwenda na maji.

Leo sikunywa chai.

Jumamosi, Mei 11

Wageni wamejaa. Filamu hakuna. Mjukuu kasimama kuomba radhi, maskini. Bi Marashi akainuka, harufu ikiwa imetangulia, akasema msihuzunike wakwe zangu, mimi nilirekodi kidogo kwa simu.

Wakaunganisha simu na televisheni. Kidogo gani! Ni keki tu. Mwanzo keki, mwisho keki. Hotuba hamna, chozi lake hamna. Wakairudia. Bwana harusi, damu yangu mwenyewe, akaomba iende polepole. Bi Marashi akanishika bega, akasema mkwe, una mapaja ya msichana. Sijui alinisifu au alinitukana. Nimeamua alinitukana.

Jumapili, Mei 12

Nimefikiri tangu asubuhi. Kosa si langu. Kosa ni la diski, kwa kuwa nyingi. Simu ya Bi Marashi iko peke yake, haina wenzake wa kuipigia hesabu. Ikifa, imekufa na siri yake.

Nikamgusia mjukuu. Akautazama mchi, kisha mimi. Nadhani habari ya mchi anaijua, ila amelelewa vizuri, hakuitaja. Akasema bibi, umechelewa. Bi Marashi amewatumia ndugu wote, kila simu sasa ina keki nzima. Ukiua moja, nyingine zinayo. Hata shangazi yake aliye ng'ambo amecheka mpaka kapaliwa.

Ukoo mzima umegeuka sanduku!

Sawa. Diski moja haikutosha, mbili zikatosha. Hili nalo ni suala la wingi tu. Zife zote kwa mpigo, zisipate nafasi ya kuongea. Na Jumapili ijayo wote wanakuja kula na maharusi.

Basi nisikilize, mjukuu, na usinijibu: toa lile beseni kubwa la kufulia, liweke mlangoni, lijaze maji mpaka ukingoni, utandike juu yake kitambaa cheupe cha heshima, na kila anayeingia mwambie aweke simu yake hapo katikati.