Sketi ya Mshazari na Sweta ya Uongo

Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Nimesikia nisichopaswa kusikia. Nilikuwa bafuni, bomba nimelifunga, na Binti yuko koridoni anaongea na simu. Sikutegesha sikio mlangoni. Mlango ndio uliokuwa karibu na sikio.

Alikuwa akiongea na mama yake mdogo, yaani Shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu. Jumamosi ni mahafali yao shuleni. Wameruhusiwa kuvaa nguo za nyumbani, naye anataka kuvaa sketi ya mama yake. Ile ya kijani! Satini, ndefu, imekatwa mshazari. Ameijaribu tena na tena na sketi imemkataa. Mama yake alikuwa na nyonga. Yeye ni mwembamba kama ufito. Anasema inamning'inia kama pazia lililokosa dirisha.

Jibu la Shemeji sikulisikia. Nilimsikia Binti akiuliza, "Lakini ukiipunguza si itakuwa sketi nyingine?" Kisha, "Sawa, Mama mdogo. Nitaileta."

Kupunguza! Shemeji ana mkasi wa kushonea unaotisha kuliko panga, na mkono wake hautetemeki. Tangu msiba ameshachukua sufuria kubwa, eti kwangu inakaa bure. Akachukua picha za ukutani, eti akazitilie fremu. Sasa anamtaka na Binti, akakae kwake atakapoanza chuo. Anasema nyumba ya mwanamume peke yake haina joto.

Joto lipo. Jana tu nimefunga dirisha la sebuleni.

Nimeamua. Sketi itampendeza mwanangu bila kuguswa hata uzi mmoja. Atajitazama kwenye kioo na atajua kwamba nyumba hii haijapungukiwa na kitu. Mpango ninao. Sijaujua bado ukoje, ila ninao.

Jumanne, tarehe 5 Novemba

Kazini. Kazi yangu ni kuchanganya rangi za nyumba. Niletee kipande cha ukuta wako, kesho nakupa ndoo ya rangi ileile. Weupe peke yake naujua wa aina nyingi: wa maziwa, wa chokaa, wa yai, wa jino. Kwa hiyo mambo ya mavazi hayawezi kunishinda. Rangi ni rangi.

Ila nimeona nipate maoni ya pili. Nikamwendea Keshia wetu, mwanamke anayependeza kila siku hata siku ya kuhesabu mali. Nikamwambia rafiki yangu ana shida na sketi ya mshazari. Akaweka kikokotoo chini. Akauliza rafiki ana umri gani. Nikasema kumi na saba.

Uso ulivyombadilika! Nikasema haraka, jamani, ni binti yangu! Akanitazama kwa muda mrefu. Halafu akalainika. Wanawake wengi hulainika wakikumbuka kwamba nimefiwa na mke. Sipendi hilo, lakini huwa nalitumia.

Akaeleza kwamba kitambaa kikilazwa upande kabla ya kukatwa, kinakuwa hakina msimamo wake. Kinaufuata mwili. Mwembamba akiivaa, juu apewe kitu kinachoishia kiunoni: sweta fupi, au blauzi iliyochomekwa kidogo mbele. Asivae gagulo lenye mikunjo chini yake. Na mkanda mpana, akasema, na mkanda mpana... Hapo akaingia mteja wa vanishi.

Nimeshika yote. Mkanda mpana.

Jumatano, tarehe 6 Novemba

Mkanda mpana usivaliwe. Ndicho alichotaka kusema.

Nimejua baada ya kuununua na kuuacha kitandani kwa Binti kana kwamba umeanguka kutoka juu. Akajaribu. Akatoka chumbani akiwa gunia la mkaa lililofungwa katikati. Juu mikunjo, chini mikunjo, yeye katikati kama mtu anayeomba kuokolewa. Tukatazamana. Akacheka! Kicheko kile cha zamani, cha puani. Sijakisikia tangu tulipotoka makaburini. Nami nikacheka. Nikasema moyoni, mpango unafanya kazi.

Kisha akafungua mkanda, akaulaza kwenye kiti taratibu. Akauliza, "Baba, Mama alikuwa anaivaa na nini juu?"

Sikumbuki.

Naikumbuka sketi. Naikumbuka akishuka ngazi mbele yangu, siku tuliyokwenda harusini kwa bosi. Alipogeuka kona kitambaa kiligeuka baada yake, kama kinachosikiliza kwanza ndipo kifuate. Nakumbuka visigino vyake. Kutoka kiunoni kwenda juu hakuna kitu. Mimi, mtu wa weupe wa aina zote!

Binti alikuwa anasubiri. Macho ni ya mama yake. Sikuweza kuyaacha yasubiri.

Nikasema sweta. Fupi. Ya manjano.

Nililisema kwa uhakika mpaka nikakaribia kuiona. Akauliza iko wapi. Nikasema niliihifadhi dukani. Kwa nini sweta ya mke wangu ihifadhiwe kwenye duka la rangi, hilo hakuuliza. Mtoto mwenye adabu. Kesho lazima nije na sweta.

Alhamisi, tarehe 7 Novemba

Nimeomba ruhusa kazini, nikasema jino. Nikaenda kwenye mitumba. Manjano ni rangi ngumu: nyingine za kifaranga, nyingine za limau, nyingine za kizibao cha mjenga barabara. Mwishowe nikaipata, ya haradali, fupi, vifungo mbele. Muuzaji akasema itanipendeza sana. Nikamshukuru.

Kisha kazi ya ufundi. Nikaifua. Nikaisugua viwiko kwa msasa laini mpaka ikaonekana imeishi. Nikang'oa kifungo kimoja nikakirudishia kwa uzi mweusi, kwa sababu mke wangu alikuwa hivyo, anashonea uzi uliopo karibu.

Ikabaki harufu. Ilinukia mitumba. Sasa, juu ya kabati kuna chupa yake ya manukato. Yalikuwa yamebaki kidogo chini. Nilishajiwekea utaratibu: sipulizi, nafungua kifuniko tu, Jumapili, nikiwa peke yangu, nafunga.

Nilisimama na chupa mkononi. Nikajiambia, mtoto kwanza. Nikapuliza mpaka ikaanza kutoa hewa tupu.

Jioni nikampa. Hakuivaa mara moja. Aliishika kwa mikono miwili, akaweka uso ndani, akakaa hivyohivyo. Mabega yakaanza kutikisika. Nikaenda jikoni kuangalia birika ambalo sikuwa nimeliwasha.

Aliponiita nikarudi. Jamani! Ilimkubali! Sweta iliishia pale kiunoni, sketi ikapata mahali pa kuanzia. Akageuka mbele ya kioo, na kitambaa kikageuka baada yake. Akapiga simu palepale, akamwambia Shemeji mkasi hauhitajiki.

Ushindi! Amelala na ile sweta. Nilipita nikaona mkono wake umeishika.

Ijumaa, tarehe 8 Novemba

Maafa.

Shemeji amekuja. Alisema anataka tu kuona mtoto alivyopendeza. Binti akavaa, akatoka, akasimama katikati ya sebule akitabasamu. Shemeji akaitazama sketi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akapandisha macho. Akauliza hiyo sweta imetoka wapi.

Binti akasema ya Mama.

Shemeji akasema dada yake hakuvaa tena manjano tangu amalize shule. Sare yao ya bweni ilikuwa ya manjano, na siku waliyomaliza shule wakaapa wote wawili kutoivaa tena rangi hiyo. Alikuwa akisema manjano humfanya aonekane mgonjwa wa ini.

Nikasema pengine ukubwani alibadilika.

Shemeji akashika kiwiko cha sweta, akakisugua kwa kidole, akanusa. Akaniuliza kwa upole kabisa kwa nini nguo ya marehemu imepigwa msasa.

Binti hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Baba, ni ya nani?"

Nikasema sijui, ya mitumba.

"Na harufu?"

Nikasema harufu ni ya mama yake. Harufu ni ya kweli! Nikakimbia kuleta chupa ili asidhani nimeongopa kila kitu. Akaipokea. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akaigeuza juu chini, na hakikusogea kitu ndani. Akanirudishia chupa kwa mikono miwili, kama tulivyomfundisha, akaingia chumbani akafunga mlango. Hata kuubamiza hakuubamiza.

Nilimsubiri Shemeji apige kelele. Nilikuwa nimeshapanga majibu. Lakini alikaa kwenye kiti. Akasema, "Alikuwa anavaa shati lako, Shemeji. Lile jeupe. Anakunja mikono, anafunga fundo mbele. Miaka yote hiyo, hukuliona shati lako mwenyewe?"

Kumbe. Kumbe! Na mimi niliyekuwa nagombana na pasi kila Jumatatu, nikiuliza kwa nini pindo za mashati yangu zina makunyanzi kama zimefungwa fundo.

Shemeji akaanza kulia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku ile ya mazishi. Sikujua niweke wapi mikono yangu, nikamsogezea sukari.

Jumamosi, tarehe 9 Novemba

Mahafali. Asubuhi nilipiga pasi shati langu jeupe, nikalitundika kwenye kitasa cha mlango wa Binti. Sikusema kitu. Nilijivunia sana kutosema kitu.

Alipotoka, shati lilikuwa bado kwenye kitasa. Yeye alikuwa amevaa ile sketi, fulana yake nyeusi, na raba. Fulana ameichomeka kidogo mbele. Nani alimwambia? Keshia hamjui. Akasema, "Twende, Baba, tutachelewa."

Wazazi tulikaa upande wa kushoto, mimi na Shemeji tukiwa na kiti kimoja kitupu katikati yetu. Hakuna aliyekiwekea mkoba.

Wakamwita jina. Akapanda jukwaani. Nilikuwa nimejiandaa; nilikodoa macho nione kitambaa kikigeuka baada yake. Hakikugeuka baada yake. Kilikwenda naye tu, sawasawa na hatua zake ndefu, raba zikitokeza chini. Alikuwa amependeza. Watu walipiga makofi. Nami nilimtafuta mke wangu mle ndani ya sketi, kila mkunjo, na hakuwemo. Amekwenda kweli. Nimejua leo, mbele ya wazazi wote na mwalimu mkuu. Shemeji akanipitishia leso juu ya kile kiti kitupu.

Baadaye Binti akanivuta kando, karibu na bomba la maji la uwanjani. Akasema ameamua kwenda kukaa kwa Mama mdogo. Nikasema kama ni ile sweta... Akasema si sweta.

"Kule tunamzungumzia, Baba. Wewe kila nikikuuliza unanitengenezea jibu. Nilikuwa nataka tu uniambie hukumbuki. Tungekuwa wawili tusiokumbuka."

Nikamwahidi. Nilimwambia kuanzia leo, hapa kwenye bomba hili, sitamdanganya tena, hata kwa kitu kidogo kama kiberiti. Akanikumbatia. Kichwa chake sasa kinafika kidevuni kwangu. Kilianza lini kufika hapo, sikumbuki. Nilimwambia hivyohivyo: sikumbuki. Akacheka kidogo. Nimeona si vigumu.

Jumapili, tarehe 10 Novemba

Ameondoka asubuhi. Shemeji alikuja na gari la jirani yake. Sketi ameichukua. Sweta ameiacha imekunjwa vizuri kitandani. Niliinusa. Inanukia mitumba.

Nimekaa sebuleni. Nimekaa na jikoni. Nyumba ina vyumba vingi kuliko nilivyodhani.

Mchana simu ikalia. Binti! Wanaangalia picha za zamani na Mama mdogo. Wamekuta moja yeye yuko hospitali, amezaliwa siku hiyohiyo, amefungwa kama mkate. Akaniuliza, "Mama alisema nini aliponiona mara ya kwanza?"

Sasa, siku ile mimi nilikuwa wodi nyingine. Nilipotea. Nilikaa saa nzima nikimpongeza mtu aliyefanyiwa upasuaji wa tezi. Nilipofika, mama na mtoto walikuwa wamelala.

Nilikumbuka ahadi. Naapa nilikumbuka. Nilifungua kinywa kusema sikumbuki, na sikukumbuka kwa sababu sikuwepo. Lakini upande wa pili sikumsikia hata akipumua. Alikuwa amezuia pumzi.

Nikasema, "Alisema, 'Huyu amekuja na maswali.'"

Nikamsikia akimweleza Shemeji maneno hayo, sauti imelowa, anacheka na kulia pamoja. Akaniambia, "Asante, Baba." Ni sentensi nzuri. Ningekuwa mimi mke wangu ningeisema.

Shemeji naye akachukua simu. Akasema maneno hayo yamemgusa sana. Akasema bahati nzuri mkunga aliyemzalisha dada yake yuko hai, amestaafu, anaishi nyuma ya soko, na kesho watampelekea mtoto amwone amekua, wazungumze habari za siku ile.

Nimevaa viatu. Mkunga ni mtu mzima sana, na watu wazima wanahitaji kukumbushwa. Nitamchukulia sukari. Mvua imeanza, lakini si kubwa. Nikiwahi kabla ya magharibi, yule mama atakuwa na usiku mzima wa kuizoea ile sentensi.