Gunia Lililopanda Gari Bila Kushikwa Mkono

Bwera, Jumatano, 12 Juni 1968

Kwa Meneja, Kampuni ya Bima ya Bondeni, Kasese

Bwana Meneja mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, chai mezani na hasira mbali. Mimi ni mzima, ila pikapu yangu Peugeot inatazama dunia bila kioo.

Unanifahamu kwa jina. Nilianza kazi nikibeba kahawa ya watu kichwani, nikapata baiskeli, leo nina gari nililonunua bila kukopa kwa ndugu. Mwezi wa Januari wakala wako hapa Bwera, Bwana Semakula, alinijia na maneno matamu. Alisema, "Thembo ndugu yangu, bima bila nyongeza ni shati bila vifungo." Nikachukua nyongeza zote tatu: ya kioo, ya mzigo na ya abiria. Hakuna aliyenilazimisha, nakiri. Ndivyo zinavyoitwa, nyongeza za hiari.

Wiki iliyopita niliegesha gari chini ya mlima wa Kyarumba, pale barabara inapokoma na njia ya miguu inapoanza. Breki ya mkono nilivuta, jiwe niliweka nyuma ya tairi. Nilikuwa kibandani nikinywa chai, nangoja maharagwe yangu yateremshwe. Mbebaji wangu hodari, Mama Biira, alipofika kona ya mwisho aliteleza kwenye tope akakaa chini. Yeye hakuumia, alicheka mpaka akatoa machozi. Gunia lililokuwa kichwani mwake halikukaa. Lilishuka peke yake, likaruka boneti, likapita kioo, likatulia kwenye kiti cha dereva.

Niliandika kudai. Umenijibu kwa mistari mitatu yenye "hapana" tatu. Nyongeza tatu kutoa "hapana" tatu ni sifuri, hata kwa mizani ya mlanguzi. Basi niruhusu nikujibu kwa utaratibu.

1. Umesema nyongeza ya mzigo hulipa ikiwa mzigo ulikuwa garini. Bwana Meneja, ulikuwa wapi basi? Nililikuta gunia kitini. Lilipakiwa upesi kuliko mzigo wowote niliowahi kupakia tangu ninunue gari. Na kwetu mlimani safari ya gari haianzii kwenye tairi, inaanzia kichwani mwa Mama Biira. Ngata yake ndiyo gia ya kwanza, kona ya Kyarumba ndiyo gia ya pili. Kitu kilichokwisha kufunga safari kuja garini kimekwisha kuwa mali ya gari, hata kama hakijafika.

2. Umesema nyongeza ya kioo hulipa ikiwa gari lilikuwa na dereva. Hapo namwita shahidi, Koplo Byamukama wa polisi. Alilikuta gunia limekaa wima, usukani kifuani, akaniuliza, "Hii gunia iko na leseni?" Nikamjibu, "Hapana, afande." Akaandika kwamba gari lilikuwa chini ya dereva asiye na leseni. Mimi siwezi kubishana na Serikali. Kama Serikali inakubali kwamba dereva alikuwepo, wewe unakataaje?

3. Umesema Mama Biira hakuwa abiria kwa sababu hakuwa amepanda. Alikuwa akija kupanda. Mtu aliye njiani kwenda kanisani mnamwita mpagani?

4. Hili ndilo linalonikosesha usingizi. Jumamosi hii namwoa Laurentine, binti wa Mzee Katembo, mfanyabiashara aliyetoka Butembo akahamia hapa Bwera. Harusi ni Kasese, na barabara ya kwenda huko unaijua, vumbi lake linaweza kumzika mtu akiwa hai. Mzee alikuja akatia mkono mahali pa kioo, ukatokea upande wa pili. Akaniambia, "Mukwe, mutoto yangu haiko muhogo. Hataenda kanisa na vumbi mu kichwa. Hakuna kioo, hakuna ndoa." Nimemweleza habari za nyongeza. Amesema nimwoe Semakula.

5. Kwa hiyo naomba kioo kabla ya Jumamosi. Kikishindikana, naomba kampuni ije yenyewe imweleze Mzee Katembo maana ya neno "hiari", na ije na mtu anayejua kukimbia.

Nisalimie karani wako wa mlangoni, Mama Vasta anayewapikia chai, na yeyote hapo ofisini aliyewahi kuwa na baba mkwe.

Mteja wako ambaye bado ana imani kidogo,
Bonifasi Thembo,
Mnunuzi wa kahawa na maharagwe

Tanbihi: Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, kwa sababu mambo yamegeuka. Kumbe ulibadili nia ukatuma kioo kipya kwa basi la asubuhi. Asante sana. Semakula alikifunga kwenye baiskeli akaniletea. Alipoliona gari langu limeegeshwa chini ya mteremko aliachia usukani ili anipungie mkono. Yeye ni mzima, anakunywa chai yangu sasa hivi. Kioo kiliruka boneti kikaingia garini mahali pake hasa, ila kwa vipande.

Naomba basi hoja yangu ya kwanza isisomwe. Nimeifikiria upya nikaona wewe ndiwe mwenye haki: kitu kilicho njiani hakijafika, na kioo kile bado ni cha kampuni.

Laurentine ametuma neno kwamba Jumamosi atakuja kioo kiwepo kisiwepo, gauni atalivalia kanisani. Baba yake hajatuma neno, amekuja mwenyewe, na ameketi mlangoni. Kama mnayo nyongeza ya baba mkwe, mpe Semakula fomu. Nitatia sahihi bila kuisoma.