Wezi Wanane wa Waifai

Jamani, leo uso sina pa kuuweka.

Kwa wasionijua: mimi ni karani wa kutoa mizigo bandarini Kipevu, nimepanga Jomvu Kuu, ukuta kwa ukuta na Bi Mwanaisha. Pia ni fundi wa kompyuta wa mtaa mzima. (Cheo nilijipa mwenyewe.) Ruta ya Bi Mwanaisha niliifunga mimi. Yangu pia niliifunga mimi. Paswadi za kuingilia mipangilio ya ruta zote mbili ni zile zile, maana bingwa hapotezi muda.

Leo nilikuwa nafanyia kazi nyumbani. Intaneti inatambaa. Ukurasa mmoja unafunguka hadi chai inapoa. Nikazima kompyuta, nikawasha. Nikazima simu, nikawasha. Nikapigia kampuni, dada akaniuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha. Nikamjibu kwa ukali kwamba anaongea na mtaalamu.

Basi nikaingia kwenye mipangilio ya ruta kutazama nani ameunganishwa. Vifaa tisa! Kimoja changu, vinane vya wezi. Hadi televisheni imo. Damu ikanichemka. Nikavifungia kimoja kimoja bila hata kusoma majina, huku napiga mluzi. Cha nane kilipotoka, intaneti ikaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Nikajipongeza kwa sauti.

Dakika mbili hazijafika, hodi. Bi Mwanaisha, buibui limemkalia upande.

"Shikamoo, Bi Mwanaisha."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo mbio unitizamie intaneti yangu, imekufa. Mjukuu wangu aozwa huko Maskati sasa hivi, na sisi huku twatizama kioo cheusi."

Nilimhurumia kweli. Nikabeba kompyuta yangu, kifua mbele. Sebuleni kwake nikakuta akina mama wapatao kumi, wamejitia asumini, sahani za kaimati magotini, wote wananitazama kama daktari. (Nilipenda sana, sitaficha.)

"Msiwe na wasiwasi," nikasema. "Siku hizi kuna wezi wa waifai. Mimi mwenyewe nimefukuza wanane sasa hivi."

"Maskini," akasema Bi Mwanaisha. "Watu hawana haya."

Nikafungua mipangilio ya ruta yake. Orodha ya vilivyofungiwa ikatokea: vinane. Nikashangaa. Bi Mwanaisha akavaa miwani, akainama, akaanza kunisomea majina kwa sauti.

"Simu ya Mwanaisha. Mbona ni yangu hino? Televisheni ya sebuleni. Simu ya Zuhura..." Akashuka hadi chini, kwenye kifaa pekee kilichoruhusiwa. "Mutua... Bingwa... wa... Kompyuta."

Kaimati zikasimama njiani.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ruta yangu. Wiki mbili zilizopita niliichomoa nipate tundu la kuchomekea pasi. Sikuirudisha. Kompyuta hii, ambayo ndiyo niliyotumia kufunga ruta ya jirani na bado ilikumbuka paswadi yake, ikahamia kwake yenyewe bila kuniaga. Wiki mbili nimekula intaneti ya Bi Mwanaisha, na leo nimemfukuza mwenyewe kwenye mtandao wake, siku ya harusi ya mjukuu wake.

Nikakiri yote mbele ya wote.

Bi Mwanaisha akavua miwani. "Kwa hivyo mwizi ni wewe, na askari ni wewe?"

"Ndio, Bi Mwanaisha. Niwie radhi."

"Radhi utaipata. Fungua kwanza nimuone mjukuu wangu."

Nikavifungua vyote vinane. Picha ikarudi, bwana harusi, mjukuu mwenyewe, ndiyo kwanza ameshikana mkono na baba wa bibi harusi. Akaitikia ndoa, na nyumba ikajaa vigelegele. Bi Mwanaisha akalia, akacheka, akanijazia sahani ya kaimati. Nilifurahi hadi nikasahau kidogo kwamba nimeaibika.

Nikakumbushwa na nani? Nikiwa mlangoni naaga, mama mmoja akaniita.

"Fundi, na kwangu pia waifai yasuasua tangu juzi. Ni wewe?"

Naomba msicheke. Na atakayeshindwa kujizuia, acheke kwa bando yake.