Mnara Umeniharibia Miguu, Moyo na Kauli

Ndugu Bwana Afya wa Kata,

Pole na kazi. Mimi ni Boaz Mabula, maarufu Baba Mageni, karani mstaafu wa pamba, mgane, mkazi wa jirani na Tinde. Nalalamikia mnara wa simu uliosimikwa mwezi wa tatu karibu na mashine ya kusaga. Watu wanasema mionzi. Mionzi mimi sijaiona, naandika niliyoyaona.

1. Miguu. Kabla ya mnara, mtu akitaka mtandao alipanda jiwe kubwa nyuma ya zahanati. Sasa tunapiga simu tumekaa, na suruali yangu ya kanisani haifungi.

2. Moyo. Unaruka. Nesi Rhoda amenipima, akasema presha yangu ni ya kijana. Nampinga kwa heshima: alinipima zahanati, ilhali ugonjwa hunishika nikipita mbele ya nyumba ya Paskalia, Mama Hosiana.

3. Kauli. Mama Hosiana, ambaye ni mjane, alikuwa akipanda jiweni kila saa kumi jioni kuongea na binti yake aliyeko Bugarama. Nami nilikuwa napanda saa kumi kasorobo. Miaka minne tumekaa jiwe moja, akinigawia michembe yake ya viazi vikavu, na neno langu lilikuwa limeshafika kooni. Zilibaki kama Jumapili mbili hivi nilitoe. Ndipo mnara ukaja, na sasa anaongea na binti yake akiwa jikoni kwake. Neno limekwama, Bwana Afya, na linaniuma kweli.

4. Masudi muuza vocha analala chini kabisa ya mnara, lakini ananenepa na kung'aa, na namba ya Mama Hosiana anayo. Kisayansi hii ina maana moja: mnara unatunyonya nguvu sisi na kumpa yeye.

Hivyo naomba mnara ung'olewe. Ikishindikana, ufupishwe mpaka mtandao uishie jiweni. Ikishindikana kabisa, uzimwe saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, kwa faida ya afya ya jamii.

Nisalimie mama watoto, wahudumu wote na dereva wa ambulensi. Masudi msalimie kidogo.

Wako mgonjwa,
Boaz Mabula

N.B. Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha, simu ikaita. Ni Mama Hosiana. Namba yangu kapewa na Masudi. Aliuliza mbona sionekani, naumwa? Pengine ni kwa kuwa hakuwa ananitazama: nililisema lile neno lote, bila kupumua. Akasema, "Baba Mageni, miaka minne nakuona jiweni umeweka sikioni simu iliyozima. Nilikuwa nangoja uongee na mimi."

Jumapili napeleka mshenga. Nacheka peke yangu hapa. Tafadhali mnara usiguswe, na ikiwezekana uongezwe urefu.