Ini la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Nina hasira mpaka mkono unatetemeka. Ni hasira tu, si kingine. Zamani daktari wa kiwanda alitupulizisha kidude cha kupima pombe asubuhi, basi. Ukiacha kunywa usiku mmoja, unapuliza safi, unapanda kreni. Sasa anataka damu. Eti ini la mnywaji wa siku nyingi humwaga vimeng'enya kwenye damu, na havishuki mpaka uache kwa wiki kadhaa. Atakayekutwa navyo juu, anashushwa kreni anapewa ufagio. Mimi! Sijawahi kumwangushia mtu kitu. Lile paa la kantini lilikuwa bovu tangu zamani.

Jumanne, 4 Machi
Nimekunywa ndimu na kitunguu saumu kusafisha ini. Nimetapika. Mke wangu akauliza kama nimelewa, siku pekee ambayo sijagusa kitu. Jioni akaja kaka yake, shemeji yangu Mtakatifu, chupa ya chai kwapani kama kawaida, kunisimanga kuhusu pombe. Nikamtazama vizuri. Tumbo kama langu, kipara kama changu, na maisha yake yote hajaonja. Hapo akili ikanijia.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia shemeji wanapima malaria, nami naogopa sindano. Alinicheka weee, akakubali. Nikamvalisha ovaroli na kitambulisho changu, ambacho picha imefutika. Mpima damu ni mgeni, aliangalia mshipa tu. Nikaenda kujipongeza. Nimejipongeza sana.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari kaniita, kafunga mlango. Akasema hajawahi kuona vimeng'enya vimepanda hivi, akashangaa nilivyoweza kupanda ngazi. Nikasema mashine mbovu. Akasema amerudia. Akaniambia kwa upole nije na mke wangu, azungumze naye. Kisha nikapewa ufagio.

Moja kwa moja mpaka kwa shemeji. Nikampokonya chupa ya chai, nikanusa. Chai gani hiyo? Pombe kali, machozi yakanitoka. Miaka yote ananihubiria kwa kinywa hicho! Akalia, akasema angejua wanapima nini asingetoa hata tone. Eti kosa langu.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu anamlilia kaka yake jikoni. Kazi yangu haililiwi hata chozi moja. Daktari amenipa nafasi ya mwisho: miezi mitatu bila tone, kisha damu tena. Yangu siwezi kuipeleka, kundi la damu halitafanana, watajua. Kwa hiyo lazima shemeji aache pombe.

Nimemhamishia chumba chetu cha nyuma. Namnywesha uji, namnusa asubuhi na jioni. Leo kaniomba funda moja tu. Nikamwambia hana haya, mtu mzima kushindwa kujizuia wakati kazi ya mwenzake iko hatarini. Akajifunika shuka. Watu wengine hawana utashi kabisa.

Nimekaa mlangoni kwake, namlinda. Chupa yake ya chai nimeishika mimi. Ilikuwa imejaa, sasa iko nusu. Hasira kama hizi, bila kitu cha kuzituliza, zinaweza kumharibu mtu ini.